UZI: Nani alibeba? Safari za ncha za dunia na milima mirefu, kwa macho ya mgumu wa Kilimanjaro

#1 – Mwanzisha uzi

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nimebeba mizigo Mlima Kilimanjaro miaka 9 kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni. Huku kwetu mpagazi anaitwa mgumu. Asubuhi pale langoni mzigo wako unatundikwa kwenye mizani, ukizidi kilo 20 unapunguzwa. Ukishapita unaweka ngata, begi la mgeni linakaa kati ya kisogo na shingo, mgongoni una kibegi chako cha sweta na blanketi, na mikono yote miwili iko juu imeshika. Ukiingia msituni jasho linakuingia machoni na huna mkono wa kulifuta. Siku ya tatu au ya nne unalala kambi ya Barafu, mita 4,673, upepo unalipiga hema usiku kucha. Usiku wa manane wageni wanaamshwa waende kileleni. Sisi wengi tunabaki kulinda kambi na kuchemsha maji.

Mgeni mmoja aliwahi kuniachia kitabu cha historia ya wapanda milima. Nilikisoma mara mbili, kamusi mkononi, na swali lilikuwa lilelile kila ukurasa: hili hema lililosimama mita 7,000, nani alilifikisha? Hiki chakula, nani alikibeba? Mara nyingi kitabu kinasema tu "kambi ilisimamishwa", kana kwamba kambi inajisimamisha yenyewe. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu safari hizi, za barafu ya ncha na za milima mirefu, nikitafuta majina ya waliobeba. Mengine nimeyapata. Nayaweka hapa kidogo kidogo, anayetaka kuuliza aulize.

Naanza na nyumbani.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima wetu ukiwa na weupe juu. Alimuuliza kiongozi wake wa njia ule weupe ni nini, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Habari ilipofika London, wataalamu wa jiografia waliokuwa hawajawahi kukanyaga huku wakaikataa, na aliyeongoza kuikataa aliitwa Desborough Cooley. Walisema theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Ubishi ukaenda miaka mingi. Jibu lilikuwa limeshatolewa siku ile ile ya kwanza, kwa Kiswahili, na mtu ambaye jina lake wale mabwana hawakuona haja ya kuliuliza.

Miaka 39 baadaye akaja Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig. Mwaka 1887 alipanda akashindwa na barafu. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, alikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 akarudi mara ya tatu, akiwa na mpanda milima Ludwig Purtscheller wa Austria. Safari hii alijua kilichowashinda waliomtangulia. Wengi waliishiwa chakula juu kule, wakalazimika kushuka kabla hawajapata nafasi ya pili. Kwa hiyo akapanga kambi juu ya kambi, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu kwa Mangi (chifu) Marealle wakipeleka vyakula. Tarehe 3 Oktoba yeye na Purtscheller walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakageuka. Tarehe 6 Oktoba wakarudi, na wakasimama kileleni.

Zile siku tatu za katikati ndizo ninazotaka mzione. Waliwezaje kushindwa Alhamisi na kurudi Jumapili? Kwa sababu chini yao kulikuwa na kambi yenye moto na chakula. Aliyebaki nao kule juu, kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya sufuria, ni mtu wa Pangani. Meyer mwenyewe amemtaja: Mwini Amani. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la Pangani, alikaa siku nyingi juu ya mita 4,000 akisubiri wawili wale warudi.

Pia kuna Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Wazee wetu wametusimulia kwamba ndiye kijana aliyemwonyesha Meyer njia. Mwaka 1989, miaka 100 ya safari ile ilipoadhimishwa, mzee alikuwa bado hai na akaenziwa. Alifariki 1996.

Meyer alikipa kilele jina la Kaizari Wilhelm, akachukua jiwe kutoka juu kabisa, akalipasua, nusu akampa Kaizari, likawekwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kasri huko Potsdam. Kilele kilikaa na jina la kigeni hadi tulipopata uhuru, usiku ule wa Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipowasha Mwenge juu yake.

Ngoja nipumzike. Nikirudi tunaenda kwenye ncha.

#2

Mkuu uzi umeenda shule. Nimepanda Kili mwaka jana na kwa kweli sikuwahi kumuuliza mgumu wangu jina la baba yake. Swali langu: Ncha ya Kusini hakuna wenyeji kabisa. Kule mizigo ilibebwa na nani?

#3 – Mwanzisha uzi

Swali zuri mkuu. Ni kweli, Antaktika haikuwa na watu. Mzigo ulikuwa juu ya mbwa, farasi na mabega ya wasafiri wenyewe, wakiuburuza kwenye sleji, yaani vile vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji. Ila kubeba si mgongo tu. Maarifa nayo yanabebwa, na maarifa ya Ncha ya Kusini yalitoka kwa watu wa kaskazini.

Roald Amundsen, Mnorwe, kati ya 1903 na 1905 alikaa na meli yake Gjøa kwenye ghuba moja kaskazini mwa Kanada, jirani na Wainuiti wa Netsilik. Wazungu wengi waliopita maeneo yale waliwaona kama watu wa kuhurumiwa. Amundsen alikaa chini akajifunza. Walimfundisha kwamba nguo ya ngozi ya kulungu wa kaskazini inavaliwa ikiwa imelegea ili hewa ipite, maana mwili ukitoa jasho na jasho likaganda, umekwisha. Walimfundisha mbwa wanafungwaje, na nyumba ya theluji inajengwaje. Hayo yote akaenda nayo kusini.

Tarehe 14 Desemba 1911 alifika Ncha ya Kusini na wenzake wanne: Bjaaland, Hanssen, Hassel na Wisting. Waliondoka na mbwa 52, wakarudi na 11. Wengine waliuawa njiani wakawa chakula cha mbwa wenzao na cha watu, na hesabu hiyo ilipangwa tangu mwanzo. Naisoma kwa uchungu, ila ndiyo iliyowarudisha wote watano wakiwa hai.

Robert Falcon Scott wa Uingereza alifika tarehe 17 Januari 1912, akakuta hema la Wanorwe na bendera. Walikuwa watano: Scott, Wilson, Bowers, Oates na Edgar Evans. Hakuna aliyerudi.

Sasa wakuu, vitabu vingi vinasimulia dhoruba na ushujaa. Mimi nimekaa sana na vitu viwili vidogo.

Cha kwanza ni bohari. Februari 1911, karibu mwaka mzima kabla, Scott alikuwa akiweka akiba ya chakula na mafuta njiani kwa ajili ya safari ya kurudi. Bohari kubwa ilipangwa iwekwe kwenye nyuzi 80 za kusini. Farasi wakachoka. Oates, aliyekuwa mtu wa farasi, alishauri wale dhaifu waendeshwe hadi mwisho na wauawe, ili mzigo ufike ulipopangiwa. Scott alikataa, hakutaka kuwatesa zaidi. Mzigo ukatuliwa zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali pake. Wakapaita Bohari ya Tani Moja. Mwezi Machi 1912 Scott, Wilson na Bowers walikufa hemani wakiwa kama kilomita 20 kutoka bohari hiyo. Kila mgumu anayesoma hapa anaelewa. Mzigo ulioutua njiani kwa sababu umechoka, kuna mtu mbele anausubiri.

Cha pili ni kipande cha ngozi. Madebe yao ya mafuta ya taa yalikuwa na vizibo vyenye duara la ngozi ndani. Kwenye baridi kali ile ngozi inakauka na kusinyaa, mafuta yanavuja na kuyeyuka hewani polepole. Bohari baada ya bohari, walipofika walikuta madebe yamepungua. Bila mafuta huwezi kuyeyusha theluji, na bila kuyeyusha theluji huna maji ya kunywa wala chakula cha moto, hata ukiwa umezungukwa na maji yaliyoganda pande zote. Amundsen alilijua tatizo hilo, madebe yake yalilehemiwa.

Evans alikufa tarehe 17 Februari. Oates miguu ilimwoza kwa baridi, na katikati ya Machi akatoka hemani kwenye dhoruba kwa hiari yake ili asiwacheleweshe wenzake. Scott aliandika mara ya mwisho tarehe 29 Machi. Walikutwa Novemba.

#4

Mkuu naheshimu, lakini umekuwa mkali kwa Scott. Wale watu walibeba sayansi. Mimi ni mtu wa jiolojia, nafanya kazi huku kusini mwa Tanzania, bonde la Ruhuhu. Kwenye sleji yao walikutwa na kilo 16 za mawe, hawakuyatupa hata walipokuwa wanakufa. Ndani yake kulikuwa na alama za majani ya Glossopteris, mti uliokuwepo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Majani hayo hayo yapo kwenye miamba yetu ya kale inayoitwa Karoo huku. Makaa ya mawe ya Mchuchuma yametokana na misitu ya zama hizo. Mmea mmoja upo India, Amerika ya Kusini, Australia, kwetu, na chini ya barafu ya Antaktika. Ule ni ushahidi kwamba nchi hizi zote zilikuwa bara moja. Mimi nikishika kipande cha mwamba chenye jani lile huwa nawakumbuka Wilson na Bowers.

#5 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa Ruhuhu, ahsante sana. Sikuwa najua kwamba jani lile lipo hadi kwetu. Nimelisoma jibu lako nikakaa kimya muda mrefu.

Na uko sahihi, ushujaa wao siupunguzi. Mimi nimebeba kilo 20 nikiwa nimeshiba uji na nimelala. Kuburuza mawe kilo 16 ukiwa na njaa na vidole vimekufa, ukijua kabisa kila kilo inakupunguzia hatua, na bado usiyatupe! Hao walikuwa wagumu. Neno hilo kwetu halitolewi ovyo, nawapa.

Twende kaskazini.

Tarehe 6 Aprili 1909 Mmarekani Robert Peary alidai amefika Ncha ya Kaskazini. Wataalamu wamebishana hadi leo kama kweli alifika pale penyewe. Mimi ninachotaka kuwaonyesha ni wale aliokuwa nao siku hiyo. Picha ipo: watu watano wamesimama juu ya kilima cha barafu, wameshika bendera. Katikati ni Matthew Henson, mtu mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866. Wengine ni Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Peary ndiye aliyepiga picha.

Henson alifuatana na Peary zaidi ya miaka 20. Alitengeneza sleji, aliendesha mbwa, na alizungumza lugha ya Wainuiti wakati wenzake wengi walikuwa wanaonyesha kwa vidole. Peary alikuwa amepoteza vidole vingi vya miguu kwa baridi miaka 10 nyuma, siku nyingi za mwisho alikuwa juu ya sleji. Henson alikuwa mbele akipasua njia. Kurudi Marekani, Peary akawa admirali. Henson akapata kazi ya utumishi mdogo kwenye ofisi ya forodha New York, akaifanya miaka mingi. Klabu ya wavumbuzi ilimpokea 1937, akiwa na zaidi ya miaka 70. Alifariki 1955. Mwaka 1988 mwili wake ulihamishiwa makaburi ya mashujaa ya Arlington, karibu na Peary, na siku iliyochaguliwa ni 6 Aprili.

Kwa Wainuiti mambo yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 1897 Peary aliwapeleka sita wao New York, kwenye jumba la makumbusho. Kwa muda mfupi wanne walikufa kwa maradhi ya kifua. Mmoja aliitwa Qisuk, aliacha mtoto mdogo wa kiume, Minik. Mtoto alishuhudia mazishi ya baba yake. Baadaye akaja kugundua kwamba yale yalikuwa maigizo, gogo lililofunikwa nguo, na mifupa ya baba yake ilikuwa ndani ya makumbusho. Akaidai maisha yake yote. Mifupa ilirudishwa Greenland mwaka 1993, Minik akiwa amekufa zamani sana, mwaka 1918.

Na kuna lile la Franklin, ambalo kwangu ni ndugu kabisa wa ile theluji ya Rebmann. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, watu 129 walipotelea kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1854 John Rae, daktari Mskoti, alileta maelezo ya Wainuiti: watu weupe walionekana wakiburuza mashua, wakafa kwa njaa, na mwisho walikulana. London ikachafuka. Mwandishi Charles Dickens akaandika kuwashambulia Wainuiti, kwamba maneno yao hayaaminiki. Meli zikatafutwa miaka zaidi ya 150. Erebus ilipatikana 2014, Terror 2016, kwenye maeneo ambayo simulizi za wenyeji zilikuwa zikiyataja muda wote. Terror ilipatikana baada ya Sammy Kogvik, Mwinuiti, kuwaambia waliokuwa kwenye meli ya utafutaji kwamba aliwahi kuona mlingoti umetokeza kwenye barafu. Na mifupa iliyochunguzwa imekutwa na alama za visu. Waliyomwambia Rae yalikuwa kweli.

#6

Shikamoo mkuu. Mimi naomba kufahamishwa, Sherpa ni kazi au ni kabila? Maana hata mimi nilikuwa nasema "Sherpa wangu" nikimaanisha aliyenibebea begi.

#7 – Mwanzisha uzi

Marahaba. Ni kabila, dada au kaka yangu. Ni watu wa Solukhumbu, Nepal, chini ya Everest, mababu zao walitoka Tibet. Kumwita kila mpagazi wa Himalaya Sherpa ni sawa na kumwita kila mgumu wa Kilimanjaro Mchaga. Nina wenzangu Wapare, Wameru, Wairaqw, na mmoja katoka Kigoma.

Mwaka 1922 Waingereza walijaribu Everest kwa nguvu zote kwa mara ya kwanza. Tarehe 7 Juni watu 17 walikuwa wanapanda mteremko wenye theluji mpya, Waingereza watatu na wapagazi 14. Theluji ikaporomoka. Wapagazi tisa walizolewa hadi kwenye mpasuko wa barafu, saba wakafa. Hao ndio watu wa kwanza wanaojulikana kufa wakipanda Everest, na wote walikuwa wabebaji. Howard Somervell, daktari aliyekuwepo, aliandika kwamba angekuwa radhi kulala amekufa kwenye theluji ile, ili tu waliobaki wajue kwamba wameshirikiana msiba. Maneno hayo yalinigusa, ndiyo maana jina lake nalitaja kwa heshima.

Miaka miwili baadaye George Mallory na Andrew Irvine walipotelea karibu na kilele, 8 Juni 1924. Hiyo kila mtu anaijua. Wale saba wa 1922 wanajulikana na wachache.

Tenzing Norgay alianza kama mpagazi mwaka 1935, kwenye msafara wa Eric Shipton. Mwaka 1952, na Raymond Lambert wa Uswisi, alifika karibu mita 8,600. Alikuwa hasemi Kifaransa, Lambert hasemi lugha yake, wakalala hemani bila mifuko ya kulalia, wakipigana makofi mwilini usiku kucha wasigande, maji wakiyapata kwa kuyeyusha barafu kwa moto wa mshumaa. Mwaka uliofuata akarudi na Waingereza. Msafara ule ulikuwa na wapagazi zaidi ya 350 wa kufikisha mizigo chini ya mlima.

Walipofika Kathmandu mwanzoni mwa safari, Waingereza walipewa vyumba ubalozini. Sherpa wakapewa sakafu ya gereji iliyokuwa zamani zizi la farasi, na hakuna choo. Asubuhi wakajipanga barabarani mbele ya ubalozi wakakojoa pale pale. Kisha wakaenda kazini, na tarehe 29 Mei 1953 mmoja wao, pamoja na Edmund Hillary, alisimama mita 8,848. Hillary alichimbia msalaba mdogo. Tenzing alifukia peremende na biskuti kwenye theluji, sadaka kwa mlima.

Kuhusu gereji naomba niseme la kwangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipanda na kampuni moja ambayo siitaji. Wagumu 11 tulilala kwenye hema moja la kulia chakula, chini ni turubai limechanika, mvua ya kambi ya Shira iliingia. Wageni walikuwa hatua 20 kutoka pale, kwenye mahema mazuri, na hawakujua. Nilipolisoma lile la gereji nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

#8

Baba yangu alikuwa mgumu miaka ya 80, njia ya Marangu. Alikuwa na kovu la ngata kisogoni, nywele hazikuota pale. Sisi watoto tulidhani kila baba anakuwa nalo. Endelea kaka, nasoma na mama yangu, namsomea kwa sauti.

#9 – Mwanzisha uzi

Dada, msalimie sana mama. Hii ya mwisho naiandika kwa ajili yenu.

K2 ni mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611, mpakani mwa Pakistani na China. Mwaka 1954 walikwenda Waitaliano. Kati ya wapagazi wao alikuwepo Amir Mahdi, mtu wa Hunza, mwenye nguvu za ajabu. Mwaka mmoja kabla, kwenye mlima Nanga Parbat, alisaidia kumshusha Hermann Buhl aliyekuwa amefika kileleni peke yake na vidole vimekufa kwa baridi.

Tarehe 30 Julai 1954 wapandaji wawili, Compagnoni na Lacedelli, walitangulia kusimamisha kambi ya mwisho. Walihitaji mitungi ya oksijeni. Walter Bonatti, kijana wa miaka 24, na Mahdi walipewa kazi ya kuwapelekea. Mahdi aliambiwa huenda naye akafika kileleni. Miguuni alivaa buti za jeshi zinazombana, maana zile za mlima mrefu walipewa Waitaliano.

Walipanda na mitungi hadi jioni. Walipofika mahali walipokubaliana, hema halipo. Lilikuwa limesogezwa juu zaidi, ng'ambo ya mteremko usiovukika gizani. Wakaita. Mwanga ukawaka mbali, sauti ikawaambia waiache mitungi washuke, kisha mwanga ukazimika. Kushuka usiku ule haikuwezekana. Bonatti alichonga kikalio kidogo kwenye theluji kwa shoka lake la barafu, wakakaa wote wawili, mita 8,100, bila hema, bila mfuko wa kulalia, bila moto. Dhoruba ikaja. Mahdi alichanganyikiwa kwa baridi, Bonatti akamshika asianguke. Kulipopambazuka Mahdi akashuka. Siku hiyo hiyo, 31 Julai, Compagnoni na Lacedelli waliikuta mitungi pale ilipoachwa, wakaivaa, wakafika kileleni. Italia nzima ikashangilia.

Mahdi alikatwa vidole vyote vya miguu. Alikaa hospitali miezi mingi, na hakupanda tena. Bonatti alishutumiwa kwamba alitumia oksijeni ya wenzake, akapigania ukweli zaidi ya miaka 50, hadi chama cha wapanda milima cha Italia kikakubali maelezo yake. Alikuwa na kalamu, magazeti na mahakama. Mahdi alikuwa na kijiji chake cha Hunza, na alifariki mwaka 1999 kabla ya maelezo hayo kukubaliwa.

Mambo hayajaisha, wakuu. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka kwenye njia ya Everest ikaua Wanepali 16 waliokuwa kazini, wengi wakipandisha vifaa vya kambi za wageni. Serikali yao ikatangaza rupia 40,000 kwa kila familia kwa ajili ya mazishi, kama dola 400. Sherpa wakagoma, na msimu ule misafara karibu yote ya upande wa Nepal ikavunjwa.

Lakini kuna picha moja mjongeo huwa naiangalia. Ni ya tarehe 16 Januari 2021. K2 ilikuwa haijawahi kupandwa majira ya baridi, misafara yote ilishindwa. Siku hiyo Wanepali 10 walikuwa njiani, Sherpa tisa na Nirmal Purja ambaye ni wa kabila la Magar. Aliyetangulia alisimama hatua chache chini ya kilele akawasubiri wenzake. Walipotimia wote 10 wakajipanga bega kwa bega, wakaanza kutembea pamoja wakiimba wimbo wa taifa lao, hadi juu. Hakuna wa kwanza.

#10

Mama anauliza: huyo Mwini Amani wa Pangani, aliporudi kwao ilikuwaje?

#11 – Mwanzisha uzi

Mwambie mama kwamba jina lake limebaki, na mimi nalitaja. Njia ya Marangu, juu ya kambi ya Kibo, kuna pango linaitwa la Hans Meyer, wageni wanapumzika pale usiku wakielekea juu. Kila nikifika nawaeleza kuhusu Meyer na Purtscheller, halafu nawaambia kwamba huko chini mtu wa Pangani alikuwa anawalindia moto, anaitwa Mwini Amani. Nawaomba walitamke. Wanalitamka vibaya, nawarekebisha, wanarudia.

Kesho nina wageni wanne kwa njia ya Machame, wagumu 14 na mpishi. Majina yote 15 nimeshayaandika kwenye daftari, nitayasoma langoni kabla hatujapima mizigo. Intaneti ni ya shida tukishavuka msitu, kwa hiyo maswali mengine nitayajibu Jumatano ijayo.